Kibali tutafuata baadaye

Kaka yangu yuko Leicester, Uingereza, na nyumba yake ya Luchelele hapa Mwanza ameniachia mimi. Sawa. Kinachonikera ni zile sauti anazonitumia WhatsApp saa tano usiku: "Mwambie fundi avunje ukuta wa sebule, aongeze vyumba viwili upande wa ziwani. Kibali tutafuata baadaye."

Tutafuata mimi na nani? Siku ikichorwa X nyekundu ukutani, atakayeitwa kujieleza ni mimi, yeye yuko zake kwenye baridi. Nimesema mpaka koo limekauka: kuongeza vyumba kunataka michoro na kibali cha halmashauri kabla ya tofali la kwanza. Na huko ziwani ndiko kubaya zaidi, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni mwa maji. Jibu lake? "Mbona jirani kajenga?" Jirani!

Mtu huyuhuyu kule kwake alisubiri ruhusa wiki nane nzima aongeze chumba cha nyuma, kimya kama kondoo. Leo fundi kanipigia mara tatu. Anataka hela ya mchanga.