Kituo bandia cha SMS: kinapima nini, na kinaficha nini

Kati ya programu inayotuma SMS na simu ya mpokeaji kuna mitambo miwili: geti la SMS, ambalo ni lako, na kituo cha ujumbe cha kampuni ya simu, ambacho si chako. Ukitaka kulijaribu geti una njia mbili. Ama unaweka programu ndogo inayojifanya kituo, ama unaomba kampuni ikupe laini ya majaribio. Wapo wanaosema kituo bandia kinatosha hadi siku ya kuwasha huduma, na wapo wanaosema hakina maana kwa kuwa mtandao halisi hauko hivyo. Kila upande una hoja, ila kila mmoja unatazama nusu yake ya mfumo.

Tuchukue Kannel, geti la chanzo huria linalokuja na kituo chake bandia, fakesmsc. Kwenye faili la usanidi unaongeza mistari hii (smsc ni kituo cha ujumbe):

group = smsc
smsc = fake
smsc-id = FAKE
port = 10000
connect-allow-ip = 127.0.0.1

Washa bearerbox (sehemu ya Kannel inayozungumza na vituo), kisha smsbox (inayozipeleka SMS kwa programu yako), na fakesmsc iwe ya mwisho. Ukianza na fakesmsc itagonga mlango ambao haujafunguliwa, kwa sababu bearerbox ndiyo inayosikiliza kwenye poti 10000. Kisha:

fakesmsc -H 127.0.0.1 -r 10000 -i 0.01 -m 1000 "100 300 text salio"

Hapo 100 ni mtumaji, 300 ni mpokeaji, text ni aina ya ujumbe, na "salio" ndiyo maneno yenyewe. Kwa -i 0.01, yaani sekunde 0.01 kati ya SMS moja na nyingine, zinatoka takriban SMS 100 kwa sekunde, kwa hiyo 1000 zinakwisha ndani ya sekunde kumi hivi. Wakati zinaingia, fungua ukurasa wa hali kwenye poti ya usimamizi na uangalie foleni.

Mara nyingi utakachokiona ni kwamba geti halina shida. Kinacholemewa ni programu inayoitwa na geti kupitia get-url, anwani ya wavuti inayofunguliwa kila SMS inapoingia: hifadhidata inachelewa, majibu yanarudi polepole, foleni inavimba. Hilo ni jambo la kuligundua mapema. Lipo na jaribio jingine ambalo watu huliruka: iue bearerbox kwa kill -9 SMS zikiwa katikati ya njia, iwashe tena, kisha hesabu. Bila hifadhi ya foleni kwenye diski, zilizokuwa kwenye kumbukumbu zimepotea. Ukiwa na hifadhi, baadhi zinaweza kuja mara mbili, na programu yako lazima ijue kuzitambua. Hakuna kampuni ya simu itakayokuruhusu kufanya vurugu hii kwenye laini yake, wala si haki kurusha mamia ya SMS za majaribio kwenye simu za watu. Hapa wanaotetea kituo bandia wameshinda, tena bila ubishi.

Lakini tazama kisichoguswa. Miunganisho mingi ya kweli hutumia SMPP, itifaki ya mazungumzo kati ya geti na kituo, kwa kawaida toleo la 3.4, na humo geti ndilo linalopiga hodi kwa kituo. Kwa fakesmsc mwelekeo umegeuzwa. Kuingia kwa jina na nywila, kuunganisha upya baada ya kukatika, enquire_link ya kuulizana "bado upo?" kabla ukuta wa moto haujaua muunganisho uliokaa kimya: vyote hivyo havijapimwa hata mara moja.

Herufi ndizo zinazoumiza zaidi. Kwenye jedwali la herufi la GSM, alama @ ni 0x00. Kwenye ASCII, jedwali la herufi la kompyuta, ni 0x40, na 0x40 ya GSM ni ¡. Mstari wa chini, _, ukipita bila kubadilishwa unatokea kama §. Kwa hiyo anwani ya barua pepe iliyosomeka vizuri kwenye skrini ya fakesmsc inaweza kufika simuni ikiwa imeharibika, kwa sababu data_coding, sehemu ya ujumbe inayotaja aina ya herufi, ikiwa 0 maana yake ni "herufi za kawaida za kituo hiki", na kila kituo kina ukawaida wake.

Waandishi wa Kiswahili wana mtego wao. Neno ng'ombe lenye alama iliyonyooka limo ndani ya jedwali la GSM. Likinakiliwa kutoka programu ya kuandikia barua likawa ng’ombe, lenye alama iliyopinda, limetoka nje. Ama alama hiyo itageuzwa kuwa alama ya kuuliza, ama ujumbe mzima utapelekwa kwa UCS-2, usimbaji wa baiti mbili kwa kila herufi, na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe wa herufi 120 unakuwa vipande viwili, na unalipia viwili. Kituo bandia hakitoi ankara.

Ripoti za kufika nazo zina kisa chao. Vipo vituo vinavyojibu submit_sm (ombi la kutuma SMS) kwa namba ya ujumbe ya heksadesimali, tuseme 1A2F, halafu ripoti ikaja na 6703 ya desimali. Ni namba ileile, ila geti halioni uhusiano na ripoti inatupwa. Kwenye Kannel tiba ni msg-id-type = 0x01, lakini hitilafu yenyewe huioni hadi ukutane na kituo cha aina hiyo. Vivyo hivyo kikomo cha kasi: ukizidisha, kituo halisi hurudisha kosa 0x58. Kwa hiyo zile SMS 100 kwa sekunde ni kipimo cha upande wako peke yake. Kumwahidi mteja kasi hiyo ni kosa.

Katikati kuna viigaji vinavyozungumza SMPP yenyewe, kama SMPPSim. Vinaziba pengo la kuingia na kuunganisha upya, ila hufuata kitabu, na vituo halisi si vyote vinavyokifuata. Ningetumia fakesmsc kila msimbo unapobadilika, kiigaji cha SMPP kabla ya kuomba laini, kisha kwenye laini halisi SMS chache tu kwa simu zilizo mkononi: moja yenye @ na _, moja yenye ’, moja ya herufi 161, na moja kwa simu iliyozimwa ili uone ripoti inasema nini na inachelewa kiasi gani.

Faili la usanidi la majaribio lisiwe na kundi la smsc halisi hata lililofichwa nyuma ya #, alama inayofanya mstari usisomwe. Alama hiyo ikifutwa kwa bahati mbaya, jaribio la SMS 1000 litatoka nje kweli.