Chuo Kikuu Mzumbe na daftari la stoo ya kijiji

Watumishi waliostaafu bado wanakiita chuo cha Mzumbe IDM, yaani Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, ingawa jina hilo liliondoka baada ya Bunge kutunga sheria ya mwaka 2001 iliyokifanya kuwa Chuo Kikuu Mzumbe. Kwa maafisa utumishi, waweka hazina na maafisa tawala wa miaka ile, kusema "nilipita Mzumbe" kulitosha kumweleza mtu kwamba umefundwa kazi ya serikali. Mimi ni miongoni mwa wanaokithamini sana chuo hicho, na kwa sababu hiyo hiyo nasema kwamba kimesogea mbali mno na kazi iliyokizaa.

Kazi hiyo ilikuwa serikali za mitaa. Mwaka 1953, utawala wa Waingereza ulipofungua shule pale Mzumbe, chini ya milima ya Uluguru, ulikusudia kuwafundisha machifu, madiwani na watumishi wa serikali za wenyeji namna ya kuendesha baraza, kutunza fedha na kuweka kumbukumbu. Nia ya mkoloni tunaijua na siitetei, lakini mafunzo yenyewe yalimlenga mtu ambaye akitoka darasani angekwenda kukaa mbele ya watu wa eneo lake na kujibu maswali yao. Mwaka 1972 shule hiyo iliunganishwa na Taasisi ya Utawala wa Umma iliyokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikazaliwa IDM. Ni mwaka huo huo serikali ilipoleta mpango wa madaraka mikoani na halmashauri za wilaya zikafutwa, hata chuo kikajikuta kimempoteza mwanafunzi wake wa asili. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Sidhani kama kuna mtu aliyekaa akaamua kwamba ngazi ya chini isifundishwe tena. Nadhani pengo la miaka ile kumi liliondoa mazoea, na mazoea hayarudishwi na sheria peke yake.

Nilipata kulielewa jambo hili vizuri zaidi katika mkutano mkuu wa kijiji kimoja, ambako mtendaji alikuwa kijana mwenye shahada ya utawala wa umma. Kijiji sikitaji, wala chuo alikosoma. Alikuwa amejiandaa kwa bidii, na taarifa yake ya mapato na matumizi ilikuwa imechapwa vizuri, safu kwa safu, hadi salio la mwisho. Alipomaliza kuisoma, mama mmoja aliyeketi chini ya mwembe alinyanyuka akauliza: "Mwanangu, saruji tuliyochanga ilikuwa mifuko mingapi, na imebaki mingapi?" Jibu lilikuwamo katika karatasi ile, ila lilikuwa limegeuzwa kuwa shilingi na kuwekwa chini ya kichwa cha nguvu za wananchi, pamoja na mchanga, mawe na siku za kazi. Kijana alirudia kusoma mstari ule ule mara mbili. Mwisho mwenyekiti, mzee ambaye sidhani kama alivuka darasa la saba, alituma daftari la stoo liletwe, akalifungua, akahesabu kwa sauti mifuko iliyoingia na iliyotoka, na mama yule akaketi.

Niliusoma muhtasari wa mkutano huo baadaye. Uliandika kwamba taarifa iliwasilishwa, ikajadiliwa na kupokelewa. Swali la mama halimo, wala hesabu ya mwenyekiti.

Jioni ile nilizungumza na kijana kwa muda mrefu. Alinieleza, kwa Kiingereza kizuri, mawazo ya mwanasosholojia Mjerumani Max Weber kuhusu urasimu, na nilimheshimu kwa jinsi alivyoyaelewa. Nilipomuuliza kama aliwahi kufundishwa kuandika muhtasari kwa Kiswahili, alisema hapana. Wala dokezo, yaani andiko fupi la ndani ya ofisi, hakuwahi kufundishwa. Alijifunzia kazini, kwa kuangalia majalada ya waliomtangulia.

Hapo ndipo penye tatizo ninalotaka lisikike, na halimhusu kijana mmoja wala chuo kimoja. Utawala wa umma wa Tanzania unafanyika kwa Kiswahili. Dokezo sabili linalopanda kwa mkurugenzi huandikwa kwa Kiswahili, kwa aya zenye namba, ya kwanza ikieleza kinachohusika na ya mwisho ikiomba idhini au maelekezo. Barua zenye kumbukumbu namba, mihtasari ya vikao, hotuba za madiwani, malalamiko ya ardhi, vyote ni Kiswahili, na tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama pia. Mwanafunzi wa utawala anafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza kwa miaka mitatu, kisha anakabidhiwa ofisi ambayo kila karatasi yake muhimu iko katika lugha asiyopata kuzoezwa kuiandika kikazi. Kiswahili cha nyumbani anacho. Kiswahili cha ofisi ni ufundi, na ufundi hauji wenyewe.

Wapo watakaonikumbusha kwamba kuna Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, na kwamba matangazo ya kazi ya mtendaji wa kijiji hukitaja kwa jina. Ni kweli, na kinafanya kazi ya maana. Lakini anayemsimamia mtendaji kutoka makao makuu ya halmashauri, anayekagua mihtasari yake na kuamua kama taarifa ya robo mwaka inafaa, mara nyingi ni mtu wa shahada. Asipojua muhtasari mzuri unafananaje, hawezi kumrudishia mtendaji ule mbovu.

Kwa hiyo napendekeza Mzumbe, kwa kuwa ndicho chenye asili hii, kianze. Mafunzo kwa vitendo yawe muhula mzima katika ofisi ya kata au ya kijiji, na kinachotunukiwa alama kiwe kazi halisi: mihtasari mitatu, madokezo, taarifa moja ya mapato na matumizi iliyosomwa mbele ya wananchi. Kuwe na somo la lazima la uandishi wa kiserikali kwa Kiswahili. Najua muhula wa namna hiyo una gharama, kwani wahadhiri watalazimika kusafiri hadi vijijini na wanafunzi watahitaji posho ya kujikimu kwa muda mrefu zaidi. Kiingereza kibaki kwa ajili ya vitabu na utafiti, siombi kiondolewe.

Na katika mtihani wa mwisho wa somo hilo, ningependa mwanafunzi apewe daftari la stoo lililoandikwa kwa kalamu, lenye mistari iliyofutwa na tarehe zilizorukwa kama yalivyo madaftari ya kweli, kisha asimame aeleze mifuko mingapi ya saruji imebaki.