Kepler haikupiga picha za sayari, ilipima mwanga

Makala moja inasema Kepler, darubini ya anga ya NASA ya kutafuta sayari zinazozunguka nyota nyingine, "ilipiga picha" za sayari za mbali na "ikaharibika 2013". Yote mawili yanahitaji kurekebishwa.

Darubini ile, iliyorushwa Machi 2009, mwanzoni ilikodolea macho eneo moja tu la anga na kupima mwanga wa nyota zaidi ya 150,000, takriban kila nusu saa. Sayari ikikatiza mbele ya nyota yake, mwanga hufifia kidogo. Kidogo kwelikweli: sayari kama Dunia mbele ya nyota kama Jua hupunguza sehemu 84 hivi katika milioni za mwanga huo, kwa saa zisizozidi 13, mara moja kwa mwaka. Ndiyo maana sayari ilitakiwa ionekane ikipita angalau mara tatu kabla ya kuaminiwa.

Na hata hapo kuna mtego. Nyota mbili zinazozungukana, zikiwa mbali nyuma ya ile inayopimwa, huweza kuleta ufifiaji unaofanana sana na wa sayari. Basi unalinganisha: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Ukiona mmoja mkubwa, unaofuata mdogo, kisha mkubwa tena, hiyo si sayari, ni nyota mbili zinazozibana kwa zamu.

Kilichokufa ni magurudumu mawili kati ya manne ya kuituliza darubini, la kwanza Julai 2012, la pili Mei 2013. Ilihitaji matatu. Wahandisi wakaitegemeza kwenye msukumo wa mwanga wa Jua, kazi ya kupigiwa saluti, ikaendelea kutafuta sayari hadi mafuta yalipoisha Oktoba 2018.