Ng'ombe Tuliwasikia, Hatukuwaona

Kabla hamjaendelea kusambaza ile voisi ya rafiki yangu inayodai nililia (unajijua, na elfu mbili yangu bado unayo), wacha niwasimulie mwenyewe. Sikulia. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kulia. Ni tofauti.

Jumapili, nyumbani Ahero. Sebule imejaa watu waliokuja kutazama video za siku mahari ya dada ilipoletwa. Binamu alirekodi kwa iPhone yake, mimi nikazihamishia kwenye laptopu yangu kuukuu, nikachomeka waya wa HDMI kwenye TV, sauti nikaipitishia woofa ya jirani. Kwetu mimi ndiye fundi wa kompyuta. Cheo hicho nilikipata siku nilipomrekebishia Mama saa ya simu.

Nikabonyeza. Vigelegele, ng'ombe wanalia. Picha? Giza totoro.

"Omera," baba mdogo akasema, "ng'ombe nawasikia. Wako wapi?"

Nikamwambia wanakuja. Nikabadilisha jina la faili, nikafuta .mov nikaandika .mp4. Mnaojua, chekeni. Ni kubandika karatasi ya sukari kwenye mkebe wa chumvi. Kumbe tangu 2017 iPhone nyingi hubana picha za video kwa mbinu iitwayo HEVC, na kompyuta yangu haikuwa na kodeki, yaani kile kiprogramu cha kuifungua. Sauti hubanwa kivyake, ndiyo maana ilipita. Hayo nimeyajua juzi. Siku hiyo nilizima, nikawasha, nikaipiga laptopu kofi la mgongo.

Mwishowe nikanunua bando, nikaweka VLC, ile programu ya kuchezea video yenye alama ya koni ya barabarani, ambayo huja na kodeki zake. Ng'ombe hao! Makofi. Baba mdogo akaanza kuwahesabu upya. Nami kwa maringo nikaburuta folda nzima mle ndani ili video zifuatane zenyewe, nikaenda kunawa nile samaki.

Folda nzima, jameni. Ile ninayomwagia kila kitu cha simu yangu.

Kidole kiko kwenye ngege, nasikia sauti naifahamu. Nikageuka polepole. Kwenye TV ni mimi, taulo kiunoni, nimepiga magoti chumbani kwangu Kondele. "Mama mwenye nyumba, nakuomba wiki mbili tu, kodi utaipata..." Kisha nasimama, nasogelea kamera, nasema, "Hapana, machozi yamechelewa. Tena." Napiga magoti tena.

Na saa moja tu kabla ya hapo nilikuwa nimewaambia wazee haohao kwamba naangalia ploti Mamboleo.

Mama alikuwa ameshika mwiko. Haukushuka wala haukupanda. Mchungaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa vizuri zaidi. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonimaliza. Nikarukia laptopu. Vidole vina mchuzi, mshale unateleza kila upande isipokuwa ninakotaka. Nikang'oa waya. Waya gani? Wa HDMI. TV ikazima.

Woofa haikuwa kwenye waya huo.

Kwa hiyo kwenye kioo cheusi, kwa besi nzito, nyumba nzima ikasikia: "...na mbuzi wetu wa pekee nyumbani amekufa, Mama, tumebaki hivihivi..."

Mbuzi akalia nyuma ya jikoni. Sitanii. Mbuzi mwenyewe, yule marehemu.

"Picha imepotea tena," baba mdogo akasema. "Hebu rudisha ile koni."

Basi. Nilirudi Kondele jioni hiyohiyo bila kuaga, Mama akanitumia nusu ya kodi bila neno, na baba mdogo kila siku ananiuliza bei ya ploti. Leo asubuhi mama mwenye nyumba kaniandikia, amesikia kuna video yangu nikimlilia, angependa kuiona. Nikamjibu kwamba faili imeharibika, haifunguki.

Akajibu papo hapo: "Wewe itume tu. Nina VLC."