Nyama tunayo, mutura tunaijua: soseji nzuri nyumbani inakosekana kwa nini?

Soseji nyingi tunazokula Kenya hazistahili nyama tuliyo nayo. Nasema hivi nikiwa Erfurt, mji mkuu wa jimbo la Thuringia, Ujerumani, ambako soseji ya kuchoma ni chakula cha heshima. Kila nikipita uwanjani nikinusa moshi wa makaa, akili inaruka hadi kwenye bucha za kwetu.

Watu wa huku wamelishikilia jambo hili kwa karne nyingi. Daftari la hesabu la watawa wa kike wa Arnstadt, mji ulio jirani, linaonyesha pesa zilizotumika mwaka 1404 kununua utumbo wa kutengenezea soseji. Siku hizi jina la soseji ya Thuringia linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya: itengenezwe jimboni humu, na urefu wake usipungue sentimita 15. Ndani mna nyama ya nguruwe iliyosagwa, chumvi, pilipili manga, na kwa kawaida kisibiti, majorani au kitunguu saumu. Inachomwa juu ya makaa, inatiwa kwenye mkate mdogo uliopasuliwa, inapakwa haradali, basi. Ndugu zetu Waislamu walioko huku hawaigusi, lakini maduka ya Waturuki yanawauzia sucuk, soseji ya ng'ombe yenye kitunguu saumu kingi na bizari nyembamba. Ukiikaanga na mayai asubuhi, nyumba nzima inaamka.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba muuza nyama anaulizika. Hii imetengenezwa lini? Ni nyama ya sehemu gani? Anajibu bila kuudhika, kwa sababu ameitengeneza mwenyewe chumba cha nyuma.

Kwetu soseji ni kitu cha kiwandani kinachotoka kwenye friji ya supamaketi, na watu wanakichagua kwa rangi. Pakiti iliyo nyekundu zaidi ndiyo inayoonekana nzuri. Rangi hiyo ya waridi, isiyopotea hata soseji ikikaangwa, inatokana na chumvi ya nitriti. Nitriti ina kazi yake, maana inazuia bakteria wenye sumu, na Wajerumani pia wanaitia kwenye soseji zao za kuchemsha. Ila haikuambii lolote kuhusu ubora wa nyama. Soseji mbichi isiyo na nitriti ikiiva inakuwa ya kijivu kwa ndani, kama nyama yoyote iliyoiva, na ni salama kabisa.

Kinachoniuma ni watoto. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka nyama zilizosindikwa katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani, na hatari inaongezeka kadiri unavyokula. Hata hapa Ujerumani, nchi ya soseji, wataalamu wa lishe sasa wanashauri mtu mzima asizidishe gramu 300 za nyama na soseji kwa wiki. Nyumbani kuna mtoto anayepewa soseji mbili kila asubuhi kabla ya shule, na mzazi anaona amempa kitu bora.

Kwa hiyo ukiwa dukani, geuza pakiti. Viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ukiona maji, unga wa soya na wanga vimekaa mbele, unajua pesa yako inakwenda wapi. Na kama hawakutaja ni nyama ya nini, rudisha.

Sasa nigeukie tulipowazidi hawa, maana tumewazidi. Mtu wa kwetu ananunua mbuzi aliyechinjwa alfajiri ya leo. Anajua kuchoma polepole bila kuruhusu moto uwake. Kachumbari ya muuza smoki, zile soseji za moshi, pale stejini, yenye dania na pilipili mbichi, inaishinda haradali kwa mbali. Halafu tuna mutura! Anayejua kuosha utumbo mpaka ukatakata, akaujaza nyama, damu na viungo, akaufunga, akauchemsha na kuumalizia juu ya makaa, huyo ameshajua kutengeneza soseji. Ufundi wote uko pale jioni kando ya barabara, kwenye kibao cha mbao chenye chumvi pembeni. Kinachokosekana ni bucha mmoja mwenye bidii wa kuutumia kwa nyama tupu.

Mashine ya kusaga wengi wanayo. Mwambie akuchanganyie gramu 700 za nyama ya bega la ng'ombe na gramu 300 za mafuta. Usimruhusu akutolee mafuta yote, soseji kavu hailiki. Vyote viwe baridi sana kabla ya kusagwa. Tia gramu 18 za chumvi kwa kilo hiyo, pilipili manga, kitunguu saumu, tangawizi na dania, kisha kanda kwa nguvu mpaka nyama inate mkononi. Hapo ndipo chumvi imeanza kuishikanisha. Kaanga kipande kidogo uonje kabla ya kuijaza kwenye utumbo wa mbuzi. Utumbo ukikushinda, finyanga kwa mkono kama kababu.

Kupika kunataka subira kuliko mafuta. Panga soseji kwenye kikaango, mimina maji kidogo, washa moto wa wastani. Maji yakikauka soseji inakuwa karibu kuiva na imeanza kutoa mafuta yake yenyewe. Hayo ndiyo yatakayoipa rangi ya hudhurungi. Usiitoboe kwa uma, unamwaga utamu. Ukiwa na kipimajoto, katikati pafike nyuzi 71, na kwa kuku 74. Bila kipimajoto, kata moja: maji yanayotoka yawe meupe, yasiwe na wekundu. Smoki ni hadithi nyingine, zimeshapikwa na kufukizwa moshi kiwandani, unazipasha tu.

Soseji hizi za mkono hazina dawa ya kuzihifadhi. Uzile leo au kesho, na zinazobaki uzigandishe siku hiyo hiyo.