Vocha nafuu, masharti ghali

Jamani, hizi vocha za migahawa zinazouzwa mtandaoni kwa punguzo zinanichosha. Tangazo linapiga kelele: vocha ya 50 kwa 20 tu! Asilimia 60 imeshuka, nani asiyetaka? Ukishalipa ndipo unayaona yale maandishi madogo kama mayai ya chawa: bili lazima ifike 100. Haya, piga hesabu. Umetoa 20 mwanzo, mezani unaongeza 50, jumla 70 kwa chakula cha 100. Punguzo ni asilimia 30, tena kama kweli ulipanga kula cha 100. Kama kawaida yako ni 40, hapo umeokoa nini?

Bado. Wikendi haitumiki, sikukuu haitumiki, vinywaji havimo, meza moja vocha moja. Hata bahashishi unatakiwa uikokotoe kwenye bili kabla ya punguzo. (Hilo sawa, mhudumu ana kosa gani?)

Za mkono wa pili ndio balaa kabisa. Vocha ni namba tu. Aliyekuuzia bado anayo, na akiwahi kuitumia, wewe unaambiwa salio ni sifuri mbele ya wageni wako. Na mgahawa ukifunga biashara, anza kumtafuta wa kukurudishia hela.

Sikatai, zipo zinazolipa: mgahawa unaoujua, kundi kubwa, siku ya kazi. Lakini hicho kiwango cha chini cha bili kiandikwe pale pale penye kitufe cha kulipia, siyo kufichwa chini ya kurasa za masharti!