Mkono wa Shemeji

Shemeji yangu ni mtu mwema. Nalitanguliza hilo ili haya yanayofuata yasimharibie jina kupita kiasi. Hana choyo, hana kinyongo, ukimwita anakuja, na usipomwita anakuja vilevile. Tatizo lake ni mkono wa kulia. Mkono ule haupiti karibu na kitu cha kubonyezwa ukakiacha salama. Kengele ya mlango ataipiga hata mlango ukiwa wazi na mwenye nyumba amesimama kizingitini. Kalamu ya kubonyeza usimpe. Na baiskeli ndiyo usiseme: akiikuta imeegemezwa ukutani, kabla ya salamu mkono uko kwenye breki, kwichi kwichi kwichi, anatikisa kichwa kikaguzi, ndipo anauliza hali za watoto.

Kwa breki za waya tabia hiyo haina hasara. Breki za mafuta hazitaki mchezo huo. Ndani ya mkono wa breki kuna pistoni ndogo inayosukuma mafuta. Mafuta hayakubali kubanwa yakapungua, kwa hiyo msukumo wote unasafiri ndani ya paipu hadi kwenye kalipa, ile koleo iliyofungwa kando ya gurudumu, na huko pistoni kubwa zaidi zinazisukuma pedi mpaka zikutane na diski, sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu. Diski ikiwepo, zinaishia hapo. Isipokuwepo, pedi hazina habari: zinaendelea kusogea mpaka zikumbatiane, na ukizidi kubonyeza, pistoni zinaweza kutoka nje pamoja na mafuta yake. Mtu mwenye mkono wa shemeji hapaswi kujua siku unayofungua breki.

Mimi sikumwambia. Alinusa.

Baiskeli yangu ni ya milimani, na diski zake zilikuwa zimelika. Diski nyingi za kampuni ya Shimano huanza na unene wa milimita 1.8, na zimechapwa onyo kwamba zikifika 1.5 ndiyo mwisho wake. Yangu ya mbele ilishavuka mpaka zamani. Kwenye mteremko mrefu ilichemka, breki ikaanza kufifia, nami nikaanza kukumbuka dua nilizofundishwa utotoni. Paipu ya nyuma nayo ilikuwa imesuguana na fremu hadi ngozi yake ya nje imechubuka. Basi nikanunua paipu mpya zilizosukwa nyuzi za chuma ndani, ambazo hazitanuki ovyo unapobana breki, na diski pana: kutoka 160 za zamani, mbele nikapanda hadi milimita 203, nyuma 180. Diski ikipanuka kalipa nayo huinuliwa kwa nusu ya ile nyongeza ya kipenyo, kwa hiyo adapta, vipande vya kuiinulia, zilikuwemo kwenye kapu.

Na kwa kuwa paipu zote zilikuwa zinatoka, nikaamua kuhamisha pande. Waingereza hufunga breki ya mbele mkono wa kulia, kama ilivyo kwenye pikipiki. Wamarekani huifunga kushoto. Yangu ilikuja Kimarekani, na mkono wangu mimi umelelewa na pikipiki. Nikaileta mbele kulia. Naomba hilo ulishike, maana shemeji hakulishika.

Nilikuwa nimeshatoa gurudumu la mbele nimelilaza juu ya gunia, napambana na skrubu sita za diski. Skrubu hizo hupakwa gundi kiwandani, na spana ya nyota T25 ikiteleza hata kidogo, kichwa kinalika na siku yako imekwisha. Unakandamiza kwa uzito wa mwili, unazungusha polepole, mpaka usikie kach! Hiyo kach ni tamu. Nimeshazisikia tano, niko kwenye ya sita, nimeshikilia pumzi, nyuma yangu nikasikia kwichi kwichi kwichi.

"Shemeji, habari za hapa? Mbona breki yako inabana kabla ya kubana?"

"Gurudumu halipo, shemeji."

"Ahaa! Ndiyo maana nikashangaa."

Pedi zilikuwa zimebusiana. Nikazitoa, nikachukua kipande cha plastiki bapa, nikarudisha pistoni ndani, moja baada ya nyingine, taratibu, maana ukitumia bisibisi ya chuma unazichubua. Wakati huo yeye ameshachutama kando yangu na kunyanyua diski mpya, amekamata uso wake kwa vidole vyote vitano, anajitazama ndani yake. Diski haishikwi hivyo. Mafuta ya ngozi yakihamia kwenye pedi, breki italia kilio cha paka usiku kucha na isishike kitu. Nikaipokea, nikaifuta kwa spiriti. Akaniuliza kama naifuta kwa sababu yake. Nikamwambia hapana, ni utaratibu. Ujamaa una gharama zake.

Nikaona heri nimpe kazi, mkono usikae bure. Nikampa paipu mpya aishike wima huku naikata. Hapa ndipo mafundi wengi wa nyumbani huharibu, wakahangaikia rangi ya paipu na kusahau mkato. Mkato lazima uwe mraba kabisa, kwa kikatio cha paipu chenye makali, siyo koleo la kubana waya. Kisha unapigilia kijipini ndani ya paipu, unavisha kipete cha shaba kwa nje, na nati ikikazwa inakiponda kile kipete mpaka kinashikana na paipu maisha yao yote. Mkato ukienda upande, mafuta yatavuja, na hayatavuja hapo nyumbani. Yatasubiri mteremko. Urefu nao unapimwa usukani ukiwa umekatwa kulia mwisho na kushoto mwisho, vinginevyo kona ya kwanza inang'oa paipu.

Shemeji alishika paipu vizuri kwa mkono wa kushoto, sina lawama. Ila wa kulia ulikuwa hauna kazi, na mbele yake kulikuwa na mkono wa breki wa upande wa pili, ambao paipu yake nilishaichomoa. Tundu wazi, mafuta ndani.

Kwichi.

Mafuta yakatoka chwii, mshale mwembamba ulionyooka, ukampiga kifuani. Shati jeupe. Akalitazama lile doa linavyopanuka, akaitazama breki, akabonyeza tena ili kuhakikisha. La pili likampata shingoni.

"Kumbe yanatoka hapa," akasema.

Kelele zikamleta mzee jirani. Nikamwamkia, akaitikia, akazunguka baiskeli mikono nyuma, akasikiliza kesi, akarudi kwake bila neno. Aliporejea alikuwa na chupa iliyobaki alipobadilisha mafuta ya breki ya gari lake. DOT 4.

"Jazeni hii. Mafuta ya breki ni mafuta ya breki."

Nikamweleza kwa heshima zote kwamba breki zangu zinatumia mafuta ya madini, ndiyo asili ya Shimano, na DOT ni kitu kingine kabisa: hata maji ya hewani inayanyonya, na ikiingia kwenye breki isiyo yake, mipira ya ndani inavimba na kuharibika. Kampuni ya SRAM ndio waliokaa na DOT miaka mingi, ingawa siku hizi nao wana breki za mafuta ya madini. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia shemeji: "Wewe unaonaje?" Shemeji, anayenuka mafuta hadi shingoni, akasema yeye anaona mzee ana hoja, na tayari alikuwa anafungua kifuniko. Nikamnyang'anya chupa, nikaiweka juu ya kigoda changu cha mninga, mbali naye. Ilikuwa na mchirizi ubavuni. Kesho yake vanishi ya kigoda ilikuwa imebabuka duara kamili la kitako cha chupa. Nikampelekea mzee kigoda akione. Akasema vanishi za siku hizi ni feki.

Ikabaki kutoa upepo. Chembe ya hewa kwenye mafuta ndiyo adui, kwa sababu hewa inabanwa: unabonyeza, badala ya pedi kusogea, kiputo kinajikunyata, na mkono wa breki unagusa usukani bila baiskeli kupunguza mwendo. Kwa hiyo unatoa pedi, unaweka kipande cha plastiki mahali pake, unafunga kikombe cha mafuta juu kwenye mkono wa breki, na chini kwenye nipeli ya kalipa, kile kijitundu cha kutolea hewa, unachomeka sirinji. Unasukuma kutoka chini, viputo vinapanda kikombeni kimoja kimoja, vingine vikubwa, vingine vidogo kuliko punje ya mtama, na unagongagonga paipu kwa mpini wa bisibisi ili vilivyojificha vitoke. Mimi kazi hii naipenda.

Ila mwishoni inataka watu wawili. Mmoja juu abonyeze na kushikilia. Mwingine chini afungue nipeli kwa nukta moja, afunge. Kisha wa juu aachie. Nikamtazama shemeji. Mara ya kwanza tangu azaliwe, kuna mtu alikuwa anamwomba abonyeze.

"Bonyeza."

Hakubonyeza. Akakunja vidole, akakunjua. "Nibonyeze sana au kidogo?"

"Mpaka mwisho, ushikilie."

"Kwa vidole vingapi?"

"Bonyeza tu, shemeji!"

Akabonyeza. Nikafungua nipeli. Papo hapo akaachia, breki ikavuta hewa yote tuliyoitoa kwa jasho. Tukaanza upya. Safari hii akashikilia, nikafunga, nikamwambia achia, hakuachia. Vidole vimekufa ganzi, jasho linamtoka. Tukaanza tena, na hapo akapaniki kabisa: nipeli iko wazi, akabonyeza na kuachia haraka haraka, kwichi kwichi kwichi, ule mwendo wake wa asili. Mrija wa sirinji ukaruka, mafuta yakanyunyiza huku na huku. Mimi sikuwaza: nikajirusha juu ya gurudumu lenye diski mpya, nikalilalia tumbo zima. Mgongo ukaloa, diski ikapona. Pedi zilikuwa mfuko wa shati, nimezifunga kwa karatasi, nazo zikapona.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akanawa mikono, akamwambia kaka yake, "Kaka, kaa kule," akashika breki. Bonyeza, akabonyeza. Shika, akashika. Achia, akaachia. Breki ikawa ngumu kwa mbali ile ile kila ukibana, wala haizami. Akarudi ndani bila kutuaga.

Nikarudisha magurudumu, nikapanga kalipa mpaka diski inapita katikati ya pedi bila kugusa. Kabla sijasimama shemeji alikuwa ameshapanda. Akaenda, akabana, baiskeli ikasogea weee, ikasimama ilipopenda.

"Umetupa hela! Hazishiki. Lazima ukamate kwa vidole vinne, tena kwa nguvu zote!"

Pedi mpya na diski mpya hazijuani bado, nikamwambia. Lazima zizoeshwe: unakimbia, unapunguza mwendo bila kusimama kabisa, unarudia na kurudia, mpaka pedi ziache tabaka jembamba la mali yake juu ya diski. Akasema hizo ni hadithi za wauza diski, akaenda kubadilisha shati.

Nilizizoesha jioni ile. Mwanzoni ulaini ule ule. Kisha zikaanza kuuma, kidogo, kisha zaidi, hadi kidole kimoja cha shahada kikatosha kuinua gurudumu la nyuma. Nikarudi nyumbani nafurahi peke yangu. Shemeji akanipokea getini, shati safi, akaipokea baiskeli.

"Hebu nione kama zimepona."

"Shemeji, ngoja. Ya mbele sasa ni mkono wa kulia, na kidole ki..."

Alishaondoka, ananipungia kwa mkono wa kushoto. Maana yake wa kulia ndio uliobaki kazini. Akafika kwenye ua wa michongoma, akataka kugeuza, akabana kama alivyofundishwa mchana: vidole vinne, nguvu zote.

Gurudumu la mbele likatii palepale. Shemeji hakusimama. Alipita juu ya usukani bila kuugusa, kwa heshima, miguu ikifuata kichwa, akaingia uani mzimamzima. Baiskeli ikapinduka nyuma yake, ikatua kwa ubavu kwenye jiwe. Vikabaki viatu viwili vinatazama juu.

Kimya. Kisha sauti kutoka ndani ya majani: "Zinashika."

Mke wangu alikimbilia kwa kaka yake, mimi nikakimbilia kwenye baiskeli, na jambo hilo bado linajadiliwa nyumbani. Yeye alitoka na mikwaruzo na mwiba sikioni. Diski ya mbele ilikuwa imepinda: ukizungusha gurudumu, shi... shi... shi... Mzee jirani akachungulia, akaizungusha mara kadhaa, akatoa hukumu.

"Hiyo ni kunyoosha tu. Ngojeni nilete nyundo."

Shemeji, majani yamejaa kichwani, akasema yeye atashika.